Matuta Nyuma ya Darasa la Sita

Ngumi ya kwanza ilipigwa basi la kutoka Mombo likiwa halijazima injini. Wachukuzi wawili wa stendi ya Lushoto walililenga sanduku moja la mbao lililokuwa juu ya keria, kila mmoja akidai ameliwahi, na kabla mwenyewe hajateremka walikuwa wameshakabana mashati. Sanduku likaporomoka. Chupa zikapasuka mle ndani kwa kishindo, hata wauza kabeji wakaacha kupima.

Mwenye sanduku alikuwa kijana mrefu, suti ya Chunlai ya kijivu, ya kola iliyosimama, viatu vinang'aa, na meno yakigongana kwa baridi ya mlimani kama ilivyo kawaida ya watu wa bondeni. Akajitia kuamua ugomvi. Nani alimtuma? Alipokea kofi la sikio, na kabla hajajua limetoka wapi ikamfuata ngumi ya pua. Damu ikamwagika kifuani.

Basi hapo ndipo alipotokea Secilia. Alikuwa anapita zake na mwavuli mkononi, gauni la kitenge cha njano na sweta ya sufu aliyoifuma mwenyewe, na kama kuna mwanamke Lushoto nzima aliyekuwa na haraka ya kupiga kuliko kusema, ni huyu. Aliutandika mwavuli mgongoni mwa wa kwanza, akaurudisha kichwani kwa wa pili. Yule wa pili aligeuka na ngumi juu, akamwona, akaishusha.

"Shikamoo, mwalimu," alisema kwa unyonge.

"Marahaba. Bado hujajifunza kitu tangu darasa la sita. Mwokotee mgeni vitu vyake."

Mgeni alikuwa ameinamisha kichwa, damu inadondokea viatu vyake vizuri. Secilia akampa leso.

"Ahsante, dada. Ila usingewapiga. Ungewauliza."

"Niwaulize nini?"

"Nani ameliwahi sanduku."

"Wewe si uliwauliza?"

"Niliwauliza."

"Wakakujibu puani." Secilia alijaribu kununa, akashindwa. Kijana naye akacheka, leso imeloa damu, macho yanachuruzika machozi ya maumivu, na Secilia akajikuta anamtazama kwa muda mrefu kuliko inavyopasa kwa mtu usiyemjua jina.

Jina alilijua kesho yake asubuhi. Hezekia, mtu wa Muheza, mkufunzi wa sayansi. Ilikuwa mwaka wa sabini na mbili, vuli inakaribia, na walimu wote wa mjini waliitwa semina ya mtindo mpya wa kufundisha. Hezekia alisimama mbele yao, pua imevimba, akasema jambo la kwanza.

"Mliokuja na fimbo, ziwekeni nje."

Walimu wakatazamana. Secilia ndiye aliyesimama. "Nina watoto sitini darasani, ndugu mkufunzi. Nikiweka fimbo nje na mimi si nitoke nje?"

"Wakinyamaza kwa kuogopa fimbo, utajuaje wanachofikiri?"

"Sina haja ya kujua wanachofikiri. Nina haja wajibu."

"Hilo ndilo tatizo letu, dada. Tunawapa majibu ya maswali ambayo hawajauliza. Hapa mtafanya kinyume. Mwalimu aulize, mtoto atazame, ashike, ajaribu, kisha aseme alichokiona. Si alichoambiwa. Alichokiona kwa macho yake."

Secilia alikaa chini na moyoni akasema huyu atakuwa amerudi kwao kabla ya Jumamosi. Lakini Hezekia aliomba darasa lake ili aonyeshe mfano, akawagawia watoto mishumaa na chupa zilizosalimika, akawauliza kwa nini mshumaa uliofunikwa unazimika. Akanyamaza. Alinyamaza mpaka Secilia akaanza kutokwa jasho kwa niaba yake. Ndipo Klara, mtoto wa nyuma kabisa ambaye mwaka mzima alikuwa hajafungua kinywa isipokuwa kulia akichapwa, akanyoosha kidole na kusema, "Umekula hewa yote."

Secilia alitoka nje. Alisimama nyuma ya choo cha walimu, akalia kidogo kwa hasira ya nafsi yake, kwa sababu alikuwa amemchapa mtoto yule mara nyingi mno. Aliporudi aliichukua fimbo yake mlangoni, akaivunja gotini.

"Sikukuambia uivunje," Hezekia alisema jioni, wanatembea kwenye barabara ya mikaratusi.

"Hukuniambia. Nimejaribu, nikaona kwa macho yangu. Si ndivyo unavyotaka?"

"Ninavyotaka mimi ni vingine."

"Vipi?"

"Mwalimu hatoi jibu."

"Ondoka hapa, Mbondei wewe." Akampiga bega, si kwa nguvu sana. Wakacheka. Wiki ile haikwisha kabla Secilia hajaanza kumwita Hezi, na kabla mji mzima haujajua. Alimpenda, tena vibaya. Alipokuwa peke yake jikoni kwao, anamsongea baba yake ugali, alijikuta akiongea na Hezi kwa sauti.

Sasa sikiliza mambo yalivyoharibika. Somo la mwisho la semina lilihusu udongo. Nyuma ya darasa la sita kuna mteremko mkali unaoelekea mtoni, na Hezekia akawatoa watoto huko.

"Mvua ikinyesha, udongo wa hapa unakwenda wapi?"

"Mtoni," wakajibu.

"Mtauzuiaje?"

Mmoja akasema mawe, mwingine majani. Klara, ambaye siku hizi hakamatiki kwa kuongea, akasema, "Tuchimbe matuta."

Secilia, aliyekuwa amesimama nyuma na walimu wenzake, aliinamisha macho. Wale walimu wenyeji nao wakaangalia chini. Hezekia alifurahi, akaugawa mteremko mapande mawili: huku watoto wachimbe matuta ya kukinga, kule waache hivyo hivyo, na chini ya kila pande litegwe karai la kupokea maji. Mvua ikinyesha watayatazama makarai. Watoto wakachimba kwa nyimbo. Ng'ambo ya bonde, mashamba ya wazee yalikuwa yanawatazama moja kwa moja, na shamba la Mzee Nikodemo, baba yake Secilia, lilikuwa la mbele kabisa.

Siku hiyohiyo Secilia alimpeleka Hezekia kwenye hoteli ndogo karibu na soko, hata chai hakuigusa.

"Hezi, yale matuta yafukiwe leo."

"Mvua haijanyesha hata moja, mpenzi. Tutaona nini?"

"Utaona mundu."

Akacheka. "Wa nani?"

"Nisikilize. Huku kwetu hakuna neno linalochukiwa kama hilo. Wakati wa Mwingereza watu walilazimishwa kuchimba matuta mlima mzima. Kila nyumba na kipande chake. Usipochimba unafungwa, ukibisha unachapwa. Baba alikataa wakamfunga. Mama akaenda kuchimba badala yake, na mimba yake kubwa."

"Hayo ni ya mkoloni, Seci. Leo serikali ni yetu."

"Leo wazee wanasikia watahamishwa kwenye vijiji vya ujamaa, hawalali. Halafu wanaamka wanakuta matuta. Unafikiri watasema ni sayansi?" Akavuta pumzi. "Askari wa jumbe alimkuta mama amekaa kupumzika. Akampiga teke la tumbo."

Hezekia aliweka kikombe chini. Alikuwa mtu mwema, wala tusimsingizie, lakini kazi ilikuwa imemkaa mdomoni. "Uliona mwenyewe," aliuliza, "au ulisimuliwa?"

Secilia alimpiga kofi mpaka kikombe kikapinduka. Wateja wote wakageuka.

"Niliona mwenyewe. Nilikuwa nimeshika kibuyu cha maji yake ya kunywa. Jua lilipozama alikuwa amekufa, yeye na mtoto." Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. "Umepata ushahidi wako. Sasa uandike ubaoni."

Aliondoka. Hezekia alimfuata hadi mlangoni akimwita, hakugeuka. Baadaye alimtumia mwalimu mwenzao na salamu: samahani, samahani sana, lakini isubiriwe mvua moja tu, watoto waone, kisha atayafukia kwa mikono yake. Secilia aliisikia salamu akacheka kwa uchungu. Angeweza kuchukua jembe ayafukie mwenyewe. Hakufanya hivyo. Alitaka yule mwanamume aje ampigie magoti kwanza, na kiburi hicho ndicho alichokuja kukijutia.

Mvua ilinyesha usiku mzima. Asubuhi Secilia alikuwa anaita majina darasani aliposikia watoto wa nje wanapiga mayowe. Alikimbia nyuma ya jengo.

Wazee walikuwa wameshapanda mlima. Wengi, makoti yamelowa, miundu mikononi, wengine mipini ya majembe. Walikuwa wanayabomoa matuta kwa miguu na kwa chochote walichoshika, kimyakimya, na ukimya huo ulitisha kuliko makelele. Hezekia alikuwa katikati yao kwenye tope, magoti yamechafuka, ameshika karai.

"Tazameni maji, wazee wangu. Tazameni. Haya yametoka kwenye matuta, meupe. Yale mekundu yote. Udongo umebaki."

Jiwe likampata kwenye kiwiko, karai likaanguka. Akainama aliokote. Mzee Nikodemo akamfikia. Alikuwa mzee mwembamba, mwenye nidhamu, mtu wa kuimba kwaya, na Secilia hakuwahi kumwona ana sura ile. Mpini wa jembe ulimpiga Hezekia mdomoni. Sauti ya pigo hilo ilisikika mpaka darasani. Akaenda chini, damu na jino vikatoka pamoja.

"Unanionyesha maji?" Mzee alikuwa anapiga huku anasema, mgongoni, begani, ubavuni. "Nani kakwambia hatukujua? Matuta yanashika udongo. Tulijua. Tulijua kabla babako hajazaliwa. Sisi hatukupigana kwa ajili ya udongo."

"Baba," Secilia alisema.

"Hatukuulizwa. Walikuja kama wewe, na suti, wakachora mlima wetu, hatukuulizwa. Nawe umeuliza watoto wote wa mlima huu, ukawauliza mpaka habari za mshumaa. Mimi ulikuja lini kuniuliza?"

Hezekia alikuwa ameacha kujikinga. Mpini ulipanda juu kwa mikono miwili, na safari hii ulikuwa unakuja kichwani. Secilia hakufikiri. Alijitupa juu ya yule mtu na kunyoosha mkono, na mkono ukavunjika kwa mlio mkavu ambao kila mtu aliusikia.

Mzee Nikodemo alisimama. Alimtazama binti yake, akautazama mpini. Aliuachia ukaanguka kwenye tope, akakaa palepale chini, na hakuinuka mpaka polisi walipokuja kumwinua.

Polisi walimleta mzee hospitalini na pingu. Hezekia alikuwa amelala, uso umevimba upande mmoja, mbavu zimefungwa. Secilia alisimama mlangoni mwa wodi, mkono ndani ya plasta. Alijua vizuri kilichokuwa hatarini. Neno moja la Hezekia, na baba yake anarudi gerezani mara ya pili kwa ajili ya matuta yaleyale. Na kwa umri ule asingetoka. Hezekia alikuwa na haki ya kulisema. Tena ndiye mtu aliyewafundisha walimu wa mji mzima kwamba mtu aseme alichokiona.

"Mwalimu," alisema inspekta, "ni huyu aliyekupiga?"

Hezekia alimtazama mzee. Alimtazama muda mrefu.

"Sikuona."

"Hukuona vipi? Ulikuwa naye uso kwa uso."

"Tope liliniingia machoni. Kulikuwa na watu wengi."

"Mwalimu, jino halikung'oka kwa tope."

"Nimesema sikuona, afande."

Inspekta alipumua, akamgeukia Secilia. "Na wewe, dada? Huo mkono?"

"Niliteleza," Secilia alisema. "Mteremko ule una utelezi mbaya."

Mzee Nikodemo alifumba macho. Walimfungua pingu siku ileile. Alitembea kwa miguu mpaka nyumbani, Secilia nyuma yake. Na kuanzia siku ile alichukua sahani yake akawa anakula nje, peke yake, ameipa nyumba mgongo. Secilia akimpelekea maji anayapokea bila kuinua macho, asiuone mkono ule.

Hezekia naye akatoweka. Wakubwa walimhamisha kutoka kitandani moja kwa moja kwa kosa la kuleta fujo, asipewe hata nafasi ya kuaga. Secilia alikwenda hospitalini na chungwa lililomenywa akakuta kitanda kimetandikwa. Akajiambia, basi, amenichukia. Ana haki. Alilia mpaka kichwa kikamuuma, kisha akaenda kufundisha.

Siku moja mtu akaja shuleni mbio: Yunis wa posta anamwita, kuna simu ya Tanga inamsubiri. Yunis, shoga yake, ndiye aliyekuwa anakaa kwenye mitambo ya simu. Alimkabidhi mkonga, akajifanya anapanga stempu.

"Secilia?"

Aliubana mkonga sikioni. "Nani?"

"Hezi. Jino moja limepungua, usishangae sauti."

"Uliondoka bila kuaga."

"Nilifukuzwa, sikuondoka. Halafu nilidhani hutaki kuniona."

"Ulidhani. Uliniuliza?"

Simu ikakwaruza. "Sikukuuliza," alisema Hezekia. "Wala kuhusu mama yako sikukuuliza kama mtu. Nilikuuliza kama mkaguzi. Nalala nalo hilo, Seci, naamka nalo. Nisamehe."

Secilia aliegemea ukuta. Foleni ya wanunua stempu ilikuwa imetulia kabisa, hata waliokuwa wanakohoa wameacha.

"Umesikia?" Hezekia akauliza. "Nakuuliza sasa. Unanitaka?"

"Mkono nina plasta, nywele sijachana wiki nzima, na wewe unaniuliza hayo mbele ya watu wa posta."

"Unanitaka?"

"Nakutaka, Hezi. Nakutaka mpaka nakasirika. Lakini siwezi kuolewa nikamwacha baba anakula nje na lile alilolifanya. Njoo umwulize yeye."

"Ataniua."

"Labda," Secilia alisema. "Vaa suti nyingine."

Hezekia alikuja na mjomba wake Jumapili baada ya ibada. Mzee Nikodemo alikuwa amekaa uani kwake, ananoa mundu juu ya jiwe. Secilia alisimama kizingitini. Alimwona Hezekia anapanda kile kilima anachechemea, shati jeupe na suruali ya kaki, mjomba nyuma akihema, na alitaka kumkimbilia na alitaka kumfukuza arudi.

"Shikamoo, mzee."

Mundu ulikwenda na kurudi juu ya jiwe. "Marahaba," mzee alisema hatimaye. "Kaeni."

Wakakaa. Mjomba alijikohoza aanze maneno ya posa, mzee akamzuia kwa kiganja.

"Huyu kwanza. Kijana, kwa nini uliwaambia polisi hukuniona?"

"Kwa sababu nilikuona, mzee wangu," Hezekia alisema. Ulimi wake ulipita kwenye pengo la jino. "Haikuwa sura ya mtu anayenipiga mimi."

Mzee aliacha kunoa.

"Nilikuwa nampiga mwingine," alisema. "Nimemtafuta miaka yote hii. Aliponiingia mkononi, aliyevunjika ni mtoto wangu." Kisha akasema upesiupesi, kama anayetaka yaishe. "Umekuja kuuliza, nami najibu. Mchukue. Sitaki kitu chochote. Lakini kanisani msinitafute. Siwezi kuushika mkono niliouvunja mwenyewe nikakukabidhi mbele ya watu."

"Basi hakuna harusi," Secilia alisema kutoka kizingitini.

"Secilia," Hezekia akamwita taratibu.

"Nyamaza, Hezi." Aliteremka uani, akasimama mbele ya baba yake, karibu kabisa, plasta ikiwa usawa wa macho yake asiweze kuikwepa. "Baba asipokuja siolewi. Si na huyu, si na mwingine."

Uso wa mzee ulikunjamana, na ile sura ya mteremkoni ikapita machoni mwake. "Unanilazimisha, Secilia?"

"Hapana, baba." Akapiga magoti kwenye vumbi la jiwe la kunolea. "Nakuuliza. Utakuja?"

Mzee Nikodemo aliuweka mundu chini. Aliutazama ule mkono, kwa mara ya kwanza tangu siku ya tope, akapeleka vidole vyake juu ya plasta polepole.

"Bado unauma?"

"Unauma, baba."

"Nitakuja," alisema, na sauti ikamkatikia hapohapo.